Ukurasa Unaosikiliza

Clemens alisimama mlangoni mwa stesheneri ya baba yake bila kuvua kofia, akasema maneno aliyokuwa ameyatafuna njia nzima kutoka Geita.

"Baba, kijitabu cha mama kitachapwa mjini. Nimeshaongea na jamaa zangu. Natuma picha kwa simu, wao wanapanga, basi la asubuhi linaleta."

Mzee Ignas hakugeuka. Alikuwa amekaa mbele ya kompyuta ambayo hajaiwasha, viganja juu ya magoti. Mkewe Lukresia alikuwa amelala mochwari, na kesho mchana angezikwa.

"Hao jamaa zako walimjua mama yako?"

"Hawahitaji kumjua, baba. Wanahitaji kuona tu."

Neno lile lilidondoka dukani pasipatikane wa kuliokota. Limi, binti aliyekuwa akipunguza karatasi kwenye kaunta, akasimamisha mkasi. Alikuwa anafanya kazi pale tangu atoke kwao Kishapu na cheti chake cha darasa la saba kwenye mfuko wa nailoni, na hakuwahi kusikia mtu akimwambia Mzee jambo kama hilo usoni. Nyuma ya kisogo, ndiyo. Nyuma ya kisogo Ushirombo nzima ilikuwa inasema.

"Wafu wa parokia hii nimewapanga mimi," alisema Mzee Ignas taratibu. "Baba yake katekista nimempanga mimi. Masista wawili nimewapanga mimi. Leo wa kwangu ndiyo nimpeleke kwa watu?"

"Na Mwigulu je? Naye si ulimpanga wewe?"

 Clemens mwenyewe aliona amepitiliza, akashusha sauti. "Naenda kwa seremala kuangalia sanduku. Nikirudi nikakuta kimekamilika, hakina kosa, basi, tutakichapa hapa. Nikikuta kosa hata moja, baba, usije ukanilaumu."

Akaondoka. Kofia bado kichwani.

Habari ya Mwigulu ilikuwa hivi.

Kijitabu cha mazishi cha Mzee Ignas ni karatasi moja iliyokunjwa katikati. Nje kuna msalaba na picha. Ukikifungua, upande wa kushoto kuna maisha ya marehemu, na chini yake majina ya wale wa ukoo waliotangulia mbele ya haki. Upande wa kulia kuna majina ya waliobaki, watoto na wajukuu, na shukrani kwa waliochangia na kufariji. "Kushoto wamelala, kulia wameamka." Ndilo somo la kwanza alilompa Limi, kabla hata hajamwonyesha pa kuwashia mashine. Na kaburini katekista hushika kijitabu hicho, akasoma ukurasa wa kushoto mpaka chini, jina kwa jina, na kila jina watu wakaitikia: apumzike kwa amani. Hachagui wala hachunguzi. Cha kushoto kinasomwa, cha kulia watu watakisoma nyumbani.

Masika yaliyopita alifariki Mzee Maganga wa kule njia ya machimboni. Kijitabu kikapangwa, kikachapwa, kikakunjwa. Kaburini katekista akasoma kwa sauti yake ile iliyozoea, majina ya mababu yakapita, watu wakaitikia huku wanafukuza nzi, na sauti ikaendelea kuteremka ngazi ile ile: "Mwigulu Maganga."

"Apumzike kwa amani," watu wakasema.

Mwigulu alikuwa amesimama ukingoni mwa kaburi la baba yake, koleo mkononi, udongo mwekundu mpaka magotini.

Vijana wa rika lake, watu wa machimbo, hawana dogo. Mmoja alishindwa kujizuia: "Marehemu, hebu pokea sururu!" Wengine wakacheka kwa kuziba pua. Toka siku ile jina lake kambini likawa Hayati. Hayati anakula. Hayati kaoga leo. Lakini Mwigulu hakucheka. Kazi yake ilikuwa kushuka kwenye duara, lile shimo la wachimbaji linalokwenda chini kuliko kisima, kwa kamba, na tochi imefungwa kichwani. Baada ya mazishi yale hakushuka tena. Alibaki juu anaponda mawe na wanawake.

Mama yake alikuja dukani. Hakupiga kelele. Alikitandaza kijitabu kwenye kaunta, akakilaza kwa kiganja.

"Baba Clemens, sina neno baya na wewe. Mume wangu umemsitiri. Lakini huyu mtoto anaingia chini ya ardhi kwa kamba, na wewe umemuitia watu wakamjibu kama maiti."

Mzee Ignas aliomba radhi mpaka sauti ikakauka. Alivichapa vijitabu upya vyote, kila jina mahali pake, akamkabidhi. Mama Mwigulu akavifunga kwenye pindo la khanga, akasimama kidogo mlangoni.

"Karatasi umezirudia," alisema. "Ile sauti ya watu utairudiaje?"

Watu wakasema Mzee amezeeka. Wakasema ni mawazo, mkewe anaumwa, kichwa hakijatulia.  Limi alikuwa wa kutazama, si wa kusema. Kwao walimzoea hivyo, angeweza kukaa na ng'ombe anayezaa tangu jua linapanda mpaka linashuka bila kumshika mkia. Na alichokuwa amekitazama ni hiki: Mzee alikuwa anageuza kichwa kizima kutafuta peni iliyokuwa ubavuni pake. Mteja akisimama pembeni haonekani mpaka akohoe. Chai alikuwa anaipapasa. Macho ya Mzee yalikuwa yanaona katikati tu, na pembeni kumekufa, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba.

Sasa ile programu ya kupangia kurasa haina huruma na mtu kama huyo. Inaweka kurasa mbili kwenye kioo cha kompyuta, bega kwa bega, nyeupe zote, lakini unaokusikiliza ni ukurasa mmoja tu. Ukibandika maneno, yanakwenda kwa unaosikiliza. Unaweza kuviringisha gurudumu la mausi, ukasogea, ukauangalia ukurasa mwingine kwa macho yako yote mawili. Kama hujaubofya, hausikii. Na alama ya unaosikiliza ni nini? Mstari mwekundu kuuzunguka, mwembamba kama uzi wa kushonea. Mwenzake ana uzi mweusi. Basi, hiyo ndiyo tofauti kati ya walalao na walioamka.

Zamani, ujanani, Mzee Ignas alipanga kwa vidole herufi za madini ya risasi kwenye kiwanda cha uchapaji cha misheni. Herufi za risasi zilikuwa zinauambia mkono ziko wapi. Kioo hakiuambii mkono kitu.

Ndiyo maana alikuwa akimwita Limi, kwa Kisukuma, mayu, yaani mama. "Hebu, mayu, ukurasa upi unasikiliza?" Anauliza kwa sauti ya mwalimu, kana kwamba anamjaribu. "Wa kulia, Mzee." "Vema." Naye Limi alijibu kama mwanafunzi, kwa muda mrefu, mpaka siku moja akaelewa kwamba mwalimu hana jibu mkononi. Siku ya kijitabu cha Mzee Maganga, Limi alikuwa ametumwa stendi kupokea karatasi. Dukani hapakuwa na wa kuulizwa.

Sasa Clemens ameondoka, na simu ya Mzee ikaita. Wazee wa jumuiya walikuwa wanamsubiri awaonyeshe pa kuchimba kaburi. Akainuka kwa kushika meza.

"Nitarudi," alisema. "Wewe kazi ya Mama usiiguse. Sitaki mtu aiguse."

"Sitaigusa, Mzee."

Akatoka, mkono mmoja ukutani. Limi akamsindikiza kwa macho mpaka alipokata kona ya kwa fundi cherehani. Halafu akawasha kompyuta.

Angeweza kukipanga kijitabu kile yeye mwenyewe, maana alishajua, na kabla Clemens hajarudi kingekuwa tayari, safi, Mzee angekuta tu cha kusaini. Wazo hilo lilimjia. Lakini alimjua yule mzee. Mtu aliyewavika watu wa parokia nzima, ukimnyang'anya nguo ya mkewe ndiyo umemzika na yeye. Tena alikuwa ameahidi. Basi kazi hakuigusa. Alifungua karatasi mpya, tupu, kurasa mbili bega kwa bega, akaanza kushughulika na kilichoizunguka.

Mahali pa kubadilishia mambo ya programu alipajua kwa kupaona, si kwa kupasoma. Maneno yote ni ya Kiingereza, naye Kiingereza alikiacha darasani pamoja na chaki. Lakini aliona vijiraba vya rangi, vya pembe nne, vimepangwa kama vipande vya vitambaa kwa fundi. Kila kijiraba lazima kina kazi yake. Akabofya cha kwanza, akakipaka rangi ya machungwa, akarudi kuangalia kimebadilika nini. Mistari ya pembezoni ndani ya ukurasa ilikuwa imegeuka. Siyo yenyewe. Akairudisha. Akaenda cha pili. Kilipobadilika, eneo lote la nje ya kurasa likawa kijani kibichi, kama mbuga ya Kishapu mvua ikikubali, na kurasa mbili zimesimama humo kama ng'ombe weupe. Akatabasamu peke yake. Akakumbuka ni siku gani, akaacha, akalirudisha eneo kijivu chake.

Kijiraba chekundu kilikuwa chini. Alipokigeuza kuwa njano, ule uzi wa ukurasa unaosikiliza ukawa njano.  Kumbe ndiwe!

Lakini alipouangalia vizuri, hata yeye mwenye macho mazima aliuona kwa taabu. Njano juu ya kijivu hafifu ni sawa na maziwa juu ya uji. Akachukua karatasi, akaiviringa ikawa bomba, akaliweka jichoni, jicho jingine akalifumba. Hivi ndivyo anavyoona. Kupitia bomba aliona weupe, weupe, pembe ya meza, weupe tena. Mstari wa njano ulikuwa umekufa.

Alikaa hivyo kwa muda, bomba jichoni, mpaka mteja aliyekuja kununua bahasha akauliza, "Dada, unatafuta nyota mchana?"

"Natafuta mpaka," alisema Limi, akampa bahasha, akarudi.

Mteja alikuwa amesema nyota. Nyota haionekani mchana, si kwa sababu haipo. Limi akakirudia kile kijiraba cha pili, cha eneo la nje, akakishusha rangi, kijivu, kijivu kizito, mpaka kikawa cheusi tititi. Nje ya kurasa kukawa usiku. Na katika usiku huo ule mstari wa njano ukasimama kuuzunguka ukurasa wa kushoto kama moto wa mabua kwenye ukingo wa shamba, ule unaouona ukiwa bado uko mbali. Akaweka bomba jichoni. Akaliona jambo lote. Akabofya ukurasa wa kulia, moto ukahamia kulia. Akabofya kushoto, ukarudi.

Mzee Ignas alirudi na udongo kwenye viatu. Alikaa kwenye kiti chake, akainua uso, akashtuka.

"Limi! Mashine imeharibika? Mbona kumekuwa giza?"

"Haijaharibika, Mzee. Nimefanya nje kuwe giza ili ndani paonekane. Kazi ya Mama sijaigusa. Bofya ukurasa wa kushoto."

Akabofya. Kichwa kikazunguka polepole, kikifuata mstari: juu, ubavuni, chini, kikarudi kilipoanzia. 

"Sasa wa kulia."

Akabofya. Akaufuata tena. Akarudi kushoto bila kuambiwa, akaenda kulia, akarudi, kama mtoto aliyepata kibiriti. Kisha mkono ukatulia juu ya mausi.

"Tangu lini umejua?"

"Tangu masika."

"Na hukusema."

"Ulikuwa unaniuliza kama mtihani, Mzee. Na mimi nikawa najibu kama mtihani."

Mzee Ignas akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu msiba uingie, nacho hakikufika mwisho. Kilikatika njiani, akatoa leso.

Baadaye akaanza kazi. Aliandika kwa vidole viwili, macho karibu kabisa na kioo. Aliandika kwamba Lukresia alizaliwa Nkome, mwaloni, ufukweni mwa ziwa, baba yake akianika dagaa. Kwamba aliletwa Ushirombo akiwa bibi arusi. Kwamba aliimba sauti ya pili kwaya ya parokia mpaka pumzi zilipomkatalia. Kila aya alisimama, akautafuta mpaka wa njano, akauona, akaendelea. Jambo moja alisita nalo.

"Niandike kwamba ndiye aliyekuwa anavikunja?" aliuliza.

"Andika, Mzee."

Kwa kuwa kweli Lukresia ndiye aliyevikunja vijitabu vyote vya duka lile, miaka yote, nyumbani kwake juu ya jamvi, akipitisha mgongo wa kijiko kwenye mkunjo mpaka unanyooka kama wembe. Hapakuwa na maiti aliyezikwa kwa kijitabu ambacho mama yule hakukipitishia kijiko. Mzee akaliandika hilo. Halafu majina ya waliotangulia wa ukoo wake Lukresia, kushoto, chini. Halafu akabofya kulia, mpaka wa njano ukahama, akawaandika waliobaki: Clemens, mke na watoto wa Clemens, ndugu wa Nkome. Shukrani kwa jumuiya. Kazi ikawa imekwisha.

Limi alikuwa nyuma yake. Aliona mkono wa Mzee ukirudi kushoto. Aliona mpaka wa njano ukirukia ukurasa wa wafu. Aliona kialama cha kuandikia kikishuka mpaka chini ya jina la mwisho, na vidole viwili vikaandika, herufi baada ya herufi: Ignas Mageni.

Akasogea karibu. "Mzee," alisema taratibu, asimtie aibu, "unaosikiliza ni wa kushoto."

"Naona, mayu."

"Ni jina lako umeandika."

"Naona."

"Mzee, katekista atalisoma. Watu wataitikia."

"Ndivyo ninavyotaka." Akageuza kiti, akamtafuta kwa lile jicho lake la bomba mpaka akampata. "Mwigulu alijibiwa kwa kosa langu. Mama yake alisema kweli, kosa la sauti halifutwi kwa karatasi. Nimefikiri sana, mchana na usiku, huku namuuguza huyu. Sasa basi, nijibiwe na mimi. Mbele ya watu wale wale, kwa sauti ile ile, ila mimi kwa makusudi. Halafu nibaki hapa nauza peni. Mwigulu aone."

"Na ukifa je?"

"Nitakufa. Nimetoka kuonyesha kaburi la mke wangu, mayu, na pembeni nimewaambia waache nafasi. Lakini sitakufa kwa ajili ya karatasi. Na hata hivyo," sauti ikashuka, "siyo vibaya nikakaa naye ukurasa mmoja. Kwa siku moja."

 Na papo hapo mlango ukaingiza kivuli. Clemens amerudi, vumbi la mbao kwenye shati. Akainama kwenye kioo, akasoma kushoto. Alisoma mama yake kuzaliwa Nkome, akasoma kwaya, akasoma kijiko. Akafika chini.

"Baba!" Akapiga ukingo wa meza. "Unaona? Hiki ndicho nilichokuwa nasema! Umejiweka na marehemu! Baba yangu, macho hayo..."

"Simama nyuma yangu."

"Baba, hakuna muda..."

"Clemens. Simama nyuma yangu, utaje ukurasa."

Clemens akamtazama Limi. Limi akainamisha kichwa. "Kushoto," alisema Clemens, kwa hasira. Mpaka wa njano ukawaka kushoto. "Kulia." Ukaruka. "Kulia tena." Ukakaa pale pale, Mzee hakugusa kitu. "Kushoto." Ukarudi.

"Sasa soma lile jina," alisema Mzee Ignas, "uniambie kama nimekosea."

 Clemens akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili kifuani.

"Kwa nini, baba?"

Mzee akamweleza, kwa maneno machache kuliko aliyomwambia Limi. Clemens hakukubali wala hakukataa. Aliuliza tu, "Katekista atakubali kusoma?"

"Yeye husoma kilichopo. Chapa, Limi."

Mashine ikaanza kutema karatasi. Mzee Ignas akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa kijiko alichokuja nacho kutoka nyumbani, akakipangusa kwa leso, akampa Limi. Walikunja hivyo mpaka jua likaingia mlangoni kutoka magharibi: Clemens anakunja, baba anahakikisha pembe kwa vidole, Limi anapitisha kijiko.

Kesho yake watu walikuwa wengi. Vijana wa machimbo ndio waliochimba kaburi, kwa kuwa hakuna wanaojua udongo kama wao, na Mwigulu alikuwemo, nje ya shimo, anavuta ndoo. Mama yake alikaa na wanawake wa jumuiya. Padre alipomaliza ya kwake, katekista akafungua kijitabu, akasoma kushoto. Maisha ya Lukresia yakapita. Majina yakaanza kuteremka, watu wakaitikia, sauti ikashika mwendo wake.

Ikasimama.

Katekista alikisogeza kijitabu karibu na uso, akakiondoa. Wale waliokuwa nacho mikononi wakaanza kutafuta kwa kidole, na mnong'ono ukatembea. Ni macho tena. Masikini, safari hii kajiweka mwenyewe. 

"Soma, katekista," alisema Mzee Ignas kutoka kwenye kiti alichowekewa. "Macho yangu ni mabovu, na leo nawaambia wote, mlikuwa mnanong'ona, nong'oneni kwa sauti. Mwigulu nilimweka huko bila kuona. Jina hilo nimeliandika nikiliona."

Upepo ulipeperusha pindo la khanga za wanawake. Katekista akakirudia kijitabu.

"Ignas Mageni."

Hakuna aliyejibu. Midomo iliyozoea kuitikia bila kufikiri ilikuwa imefikiri, ikafunga. Mzee alikaa, mikono juu ya magoti, anasubiri kama alivyosubiri mbele ya kompyuta. Clemens alikuwa anaangalia viatu vyake. Limi alitaka kujibu yeye, lakini nani angethubutu?

"Apumzike kwa amani," ilisema sauti ya mtu mmoja, nzito, imekwaruza. Ilikuwa ya Mwigulu. Alikuwa amesimama na kamba ya ndoo mkononi, anamtazama Mzee moja kwa moja.

Ndipo wengine wakafuata, nusunusu, kama watu wanaojaribu maji kwa mguu. Apumzike kwa amani.

"Amina," alijibu Mzee Ignas, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kutoka shimoni, mchimbaji mmoja akasema, "Hayati wamekuwa wawili," na kicheko kikapasuka kaburini kabla mtu hajakishika, kifupi, cha aibu; hata Mama Mwigulu alifunika mdomo na khanga, mabega yakatikisika, na alipoiondoa uso ulikuwa umelowa. Kisha sanduku likashushwa, na udongo ukaanza.

Watu walipotawanyika Mwigulu alimfuata Limi kwenye njia ya mihogo.

"Dada, niambie kweli. Aliona?"

"Aliona. Mpaka ulikuwa wa njano, nje giza. Hata ungekuwa wewe uko chini ya duara ungeuona."

Mwigulu akaitikia kwa kichwa mara moja, akapinda njia ya kwao.

Matanga yalipoondolewa, duka likafunguliwa. Clemens alikuwa amemchukulia baba yake siku ya kwenda kwa daktari wa macho, na Mzee hakubisha. Asubuhi ya kwanza, kabla wateja hawajaanza, kichwa cha Mwigulu kikachungulia mlangoni.

"Shikamoo, Mzee. Upo?"

"Marahaba, nipo. Na wewe?"

"Nipo."

Akaenda zake kuponda mawe. Kesho yake akapita tena. Ikawa ndiyo desturi, asubuhi anauliza, anajibiwa, anakwenda. Limi alikuwa hata anaisubiri ile sauti ndipo awashe mashine na kuona mpaka wa njano umelala salama gizani.

Asubuhi moja Mwigulu alipita na tochi imefungwa kwenye paji la uso, na kamba begani. Nyuma yake, mbali kidogo, mama yake alikuwa amesimama barabarani, mikono amejikumbatia.

"Mzee, upo?"

Mzee Ignas akakigeuza kichwa kizima kumtafuta, akaiona ile tochi. 

"Nipo," alisema. "Ukitoka, upite uniulize tena."

Siku ile Limi alipanga kadi za harusi, akakosea mara mbili, akarudia. Mzee hakumkemea. Hakwenda hata kula. Jua lilipoanza kulala, fundi cherehani akafunga, muuza matunda akafunga, na Limi akauchukua ufagio akafagia mahali alipokwisha kufagia. Mama Mwigulu alikuja akakaa kwenye benchi la wateja bila kununua kitu. Hakuna aliyemuuliza anataka nini. Mzee aliisogeza kwake ile chai yake, kwa kupapasa.

Ikafika sauti kwanza, kutoka gizagiza la kona, kabla mtu hajaonekana, imejaa vumbi.

"Mzee, upo?"